Achukue nani, na lini? Mwongozo wa mafao ya Social Security kwa mume na mke

“Mwanangu, mwezi ujao natimiza sitini na mbili. Nichukue au nisichukue?”

Simu za namna hii huwa zinaingia jioni, watu wakishatoka kazini, na nyuma ya sauti ya mzee nasikia vyombo vinaoshwa. Namuuliza: mama ana umri gani, na hapa Marekani amefanya kazi miaka mingapi? Mzee ananyamaza kidogo, kisha ananiuliza mama anaingiaje kwenye habari hizo.

Anaingia kila mahali. Mafao ya uzeeni ya Marekani, yaani Social Security, yanalipwa kwa jina la mtu mmoja mmoja, lakini yamefungamana ndani ya ndoa tangu 1939, Bunge lilipoongeza fungu la wake na wajane kwenye sheria aliyoitia saini Rais Franklin Roosevelt miaka 4 kabla. Tarehe anayochagua mume inaamua mke atakula nini akibaki peke yake, na kinyume chake vilevile. Ndiyo maana mwongozo huu unawahusu wawili. Mketi pamoja, kila mmoja na karatasi zake.

Hatua ya 1: Kila mmoja afungue akaunti yake

Ingieni ssa.gov, kila mtu afungue akaunti ya my Social Security, achapishe taarifa yake. Kabla ya kuangalia kiasi cha malipo, shukeni kwenye jedwali la mapato ya mwaka kwa mwaka. Mwaka uliofanya kazi ukaonyesha sifuri, au ukaonyesha nusu ya ulichopata, tafuta W-2 (fomu ya mapato anayotoa mwajiri) ya mwaka huo na uwapigie Social Security. Kwa wenzetu waliobadilisha namba au majina baada ya kufika, kosa hili si la ajabu.

Pensheni inakokotolewa kwa miaka 35 yenye mapato makubwa zaidi, baada ya kurekebishwa kulingana na kupanda kwa mishahara. Waliofuatilia mjadala wa kikokotoo cha pensheni kule Tanzania watanielewa haraka. Sasa, mtu aliyefika hapa na miaka 40 akafanya kazi miaka 22 anawekewa sifuri 13 ndani ya wastani wake. Kila mwaka anaoongeza kazini unafuta sifuri moja. Kwa mhamiaji, kazi ya miaka ya mwisho ina uzito kuliko kwa Mmarekani aliyeanza kulipia akiwa na miaka 18.

Ili upate pensheni yako mwenyewe unahitaji krediti 40. Kwa mwaka hazizidi 4, na mwaka 2026 kila krediti inatokana na mapato ya dola 1,890, kwa hiyo dola 7,560 zinakupa zote 4. Miaka uliyochangia NSSF ya Nairobi au ya Dar haiunganishwi: Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na nchi yoyote ya Afrika. Habari njema ni kwamba ile kanuni iliyokuwa ikipunguza pensheni ya hapa kwa sababu unapokea nyingine ya kwenu imefutwa, kwa sheria iliyotiwa saini Januari 5, 2025. Kama mtu alikukatisha tamaa zamani kwa ajili hiyo, anza hesabu upya.

Jambo moja la kuangalia kwa jicho kali: kiasi kinachoonyeshwa kwa umri wa miaka 67 au 70 kinachukulia kwamba utaendelea kufanya kazi kwa mapato yaleyale mpaka umri huo. Ukiacha kazi na miaka 62 ukakaa nyumbani kusubiri, kitakachokuja kitapungua kidogo kuliko ulichokisoma.

Hatua ya 2: Jua umri wako kamili, hasa kama ulizaliwa “Januari mosi”

Kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, umri kamili wa kustaafu ni miaka 67. Wa 1959 ni 66 na miezi 10. Huo ndio umri ambao unalipwa asilimia 100 ya kiasi chako. Ukichukua kabla unakatwa, ukichelewa unaongezewa.

Wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa Januari 1 kwa sababu hakukuwa na cheti. Social Security wana kanuni ya ajabu inayowasaidia: kwao mtu hutimiza umri siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari 1, 1960 anahesabiwa kama wa 1959, na umri wake kamili ni 66 na miezi 10. Miezi 2 hiyo ni pesa. Vilevile, kulipwa kwa mwezi fulani kunataka uwe na miaka 62 mwezi mzima. Waliozaliwa tarehe 1 au 2 wanaanza mwezi uleule wa kuzaliwa, wengine wote wanasubiri unaofuata.

Hatua ya 3: Tofautisha malipo ya aina tatu

Hapa ndipo watu wanapochanganya, nami naomba usome taratibu.

Ya kwanza ni pensheni yako mwenyewe. Kwa mwenye umri kamili wa miaka 67: akichukua na 62 anapata asilimia 70, na 63 asilimia 75, na 64 asilimia 80, na 65 karibu 87, na 66 karibu 93. Baada ya 67 anaongezewa asilimia 8 kwa mwaka, hadi asilimia 124 akifika 70. Baada ya hapo hakuna nyongeza, kwa hiyo anayepitisha 70 bila kuomba anapoteza bure. Na si lazima usubiri mwaka mzima mzima. Hesabu inakwenda kwa mwezi, na hata miezi 8 ya kusubiri ina faida yake.

Ya pili ni fao la mwenza. Mke au mume anaweza kufikishwa hadi nusu ya kiasi kamili cha mwenzake, hata kama yeye hakufanya kazi hapa siku moja. Mwenye pensheni yake ndogo analipwa yake kwanza, kisha anajaziwa mpaka ifike nusu hiyo. Masharti: mwenye pensheni awe ameshaomba, na kwa kawaida ndoa iwe na mwaka 1. Akichukua na 62 hapati asilimia 50 bali 32.5. Na fao hili halikui baada ya umri kamili. Mama asiye na krediti zake anayesubiri mpaka 70 “ili iongezeke” anasubiri hewa.

Zamani kulikuwa na ujanja wa kuchukua fao la mwenza huku pensheni yako ikiendelea kukua. Sheria ya 2015 iliuziba. Kwa waliozaliwa Januari 2, 1954 au baadaye, ukiomba moja umeomba zote unazostahili siku hiyo.

Ya tatu ni fao la mjane au mgane, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuongoza uamuzi wote. Mmoja akifa, aliyebaki anabaki na malipo makubwa kati ya yale mawili, na yale madogo yanakoma. Kama marehemu alisubiri mpaka 70, nyongeza yake yote inahamia kwa mjane. Kama alikimbilia 62, makato yanamfuata mjane, ingawa sheria inaweka sakafu: akiwa amefikisha umri wake kamili, hashuki chini ya asilimia 82.5 ya kiasi kamili cha marehemu.

Hatua ya 4: Pigeni hesabu ya nyumba

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee kiasi chake kamili ni dola 2,400 kwa mwezi, mama ni dola 800. Wana umri sawa, na umri kamili wa wote ni 67. Nusu ya mzee ni 1,200, kwa hiyo mama anastahili kujaziwa 400 juu ya 800 zake.

Wakichukua wote na miaka 62, mzee anapata 1,680. Mama anapata 560 zake, na zile 400 zinakatwa zibaki 260, jumla 820. Nyumba inaingiza dola 2,500. Mzee akitangulia mbele ya haki miaka ya baadaye, mama anabaki na 1,980, kwa ile sakafu niliyoitaja.

Sasa mama achukue yake na 62, mzee asubiri hadi 70. Kwa miaka 8 zinaingia 560 tu pamoja na mshahara wowote uliopo. Mzee akifika 70 anaanza na 2,976, na mama, kwa kuwa sasa amevuka umri kamili, anajaziwa 400 bila makato: 960. Nyumba inaingiza 3,936. Mzee akiondoka, mama anabaki na 2,976. Ukilinganisha na njia ya kwanza, ni dola 996 zaidi kila mwezi, maisha yake yote ya ujane, na nyongeza ya kila mwaka ya kupanda kwa maisha (ya 2026 ilikuwa asilimia 2.8) inahesabiwa juu ya kiasi hicho kikubwa.

Lakini tusidanganyane. Njia ya kwanza imewapa dola 240,000 kabla hawajafika 70, ya pili 53,760. Wote wakiwa hai, njia ya pili inalipa deni hilo wakiwa karibu na miaka 81. Mgongo wa mtu aliyebeba maboksi ghalani zamu ya usiku miaka 20 haujui habari za 81.

Ipo njia ya kati ambayo naona wengi wanaiweza: mama na 62, mzee na 67. Mzee 2,400, mama 960, jumla 3,360, na mjane anabaki na 2,400. Kumbuka pia kwamba mzee akisubiri kutoka 67 hadi 70, mama anakosa zile 400 kwa miezi 36, yaani dola 14,400. Weka na hiyo kwenye mizani.

Wazee wananiambia, “Nikifa na sitini na tisa kabla sijachukua, zimepotea.” Kwa bachela asiye na wategemezi, ni kweli. Kwa mwenye mke, hapana. Ukifa kabla ya umri kamili bila kuchukua, fao la mjane linakokotolewa kwa asilimia 100 yako; ukifa baada ya hapo, nyongeza uliyoshachuma inaingizwa. Kwa upande mwingine, mtu wa kwanza kulipwa pensheni hii kila mwezi, Ida May Fuller wa Vermont, alipokea hundi ya dola 22.54 Januari 1940 akaendelea kupokea hadi alipofariki 1975 akiwa na miaka 100. Alikuwa amechangia dola 24.75 tu! Hakuna ajuaye siku yake. Ninachowaambia watu ni kuuliza swali kwa namna nyingine: kati yenu wawili, atakayebaki wa mwisho atafika wapi? Huyo ndiye atakayeishi kwa hundi moja.

Hatua ya 5: Angalia hali yenu inafanana na ipi

Mume amezidi umri kwa miaka 8 au 10, na ndiye mwenye kipato kikubwa. Hii ndiyo ndoa yetu ya kawaida. Sababu ya mzee kusubiri inakuwa nzito zaidi, maana mama huenda akaishi ujane wa miaka 15 au zaidi. Sababu ya mama kusubiri ya kwake ni ndogo, kwani hiyo ndogo itakoma siku mmoja wao akifa, awe nani.

Mke ndiye mwenye kipato kikubwa. Manesi wetu wengi wako hapa. Geuza kila nilichosema: mama asubiri, mzee achukue. Nimeshuhudia wazee wakilipinga hili kwa sababu za heshima tu, na hesabu haijui heshima hiyo.

Mna watoto wadogo. Baba wa miaka 62 mwenye mtoto wa miaka 9 asome hapa mara mbili. Akianza kuchukua, mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kulipwa hadi nusu ya kiasi kamili cha baba, na mama anayelea mtoto wa chini ya miaka 16 analipwa fao la mwenza hata kama ana miaka 40. Kuna kikomo cha familia nzima, kwa kawaida kati ya asilimia 150 na 188 ya kiasi cha baba. Hapa kuchukua mapema kunaweza kushinda, ila ukumbuke ule mshahara wa mama kazini unaweza kumpunguzia fao lake.

Mmoja ni mgonjwa. Kama mgonjwa ndiye mwenye pensheni ndogo, achukue mapema. Kama ndiye mwenye kubwa, pole pole: kuchukua kwake na 62 kunamkata atakayebaki. Ulizeni kwanza kama anastahili mafao ya ulemavu, ambayo hulipwa kwa kiasi kamili.

Mmeachana. Ndoa ikiwa ilidumu miaka 10 na hujaolewa au kuoa tena, unaweza kulipwa kwa rekodi ya mtalaka wako. Yeye hapunguziwi senti, wala hahitaji kuombwa ruhusa. Ikiwa talaka imepita miaka 2 na yeye amefikisha 62, huhitaji hata asubiriwe aombe.

Hatua ya 6: Kazi, Medicare na kodi

Ukichukua kabla ya umri kamili na bado unafanya kazi, mwaka 2026 ukipata zaidi ya dola 24,480 wanazuia dola 1 kwa kila dola 2 zilizozidi. Hazipotei kabisa, maana ukifika umri kamili wanakokotoa upya na kukupandishia malipo, lakini mtu aliyepangia kodi ya nyumba kwa hundi hiyo ataumia. Kwa anayefanya kazi muda wote, kuchukua na 62 mara nyingi hakuna maana.

Kusubiri pensheni hakumaanishi kusubiri Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Hiyo ni miaka 65, na dirisha la kujiandikisha ni miezi 7, kuanzia miezi 3 kabla ya mwezi wa kuzaliwa. Ukikosa sehemu B (ya madaktari) bila kuwa na bima ya kazi inayokubalika, unaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyochelewa, na adhabu hiyo haiishi. Asiye na krediti 40 anaweza kupata sehemu A (ya hospitali) bila malipo ya mwezi kwa krediti za mwenzake, mradi mwenzake ametimiza miaka 62.

Kodi ya serikali kuu: chukua nusu ya mafao yenu, jumlisha na mapato mengine. Kwa wanaojaza fomu ya kodi pamoja, ikivuka dola 32,000 sehemu ya mafao inaanza kutozwa. Kwa mjane anayejaza peke yake mpaka ni 25,000.

Hatua ya 7: Kama mpango ni kurudi nyumbani

Raia wa Marekani anaweza kulipwa akiwa Moshi au Mombasa. Asiye raia akikaa nje miezi 6 mfululizo ya kalenda, malipo yanaweza kusimama kulingana na uraia wake na miaka yake ya kazi. Anayeumia zaidi ni mwenza: asiye raia ambaye hajawahi kuishi Marekani angalau miaka 5 akiwa katika ndoa hiyo, kwa kawaida halipwi akiwa nje. Mzee anayesubiri hadi 70 kwa ajili ya mama aliyebaki kijijini miaka yote anaweza kuwa anamtunzia pesa asizoweza kuzigusa. Kwenye ssa.gov kuna ukurasa wenye maswali machache unaokuambia hali yako, ujaze kabla ya kukata tiketi. Asiye raia na asiye mkazi hukatwa pia kodi ya asilimia 25.5 ya malipo. Medicare nayo, kwa kawaida, haikutibu nje ya Marekani. Na ukiwa huko utatumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba bado uko hai, usipoirudisha wanakata.

Hatua ya 8: Kuomba

Unaweza kuomba miezi 4 kabla, mtandaoni, ofisini, au kwa simu 1-800-772-1213. Mkalimani ni bure, omba wa Kiswahili wala usimkokote mjukuu. Andaa cheti cha kuzaliwa au pasipoti, cheti cha uraia kama unacho, na cheti cha ndoa. Waliofunga ndoa ya kimila au ya msikitini bila cheti cha serikali waanze kushughulikia ushahidi sasa, wote wawili wakiwa hai. Kumtafutia mjane mashahidi kutoka Bukavu ni kazi ya miezi.

Aliyevuka umri kamili huenda akaambiwa anaweza kulipwa malimbikizo ya miezi 6. Inavutia, lakini tarehe yake inarudishwa nyuma na malipo ya kila mwezi yanashuka kwa kudumu, ya mjane pia.

Ukijuta, una miezi 12 ya kufuta ombi, mara moja tu, kwa kurudisha kila senti, pamoja na alizolipwa mwenza. Ukishafika umri kamili unaweza kusimamisha malipo ili yakue, ila fao la mwenza nalo linasimama.

Wengine wanaharakisha kwa sababu wamesikia mfuko utakwisha 2033. Taarifa ya wasimamizi ya 2025 inasema mwaka huo akiba ndiyo itakwisha. Michango inayoingia itatosha kulipa asilimia 77. Bunge lisipofanya kitu mkato utampata aliyechukua mapema na aliyechelewa, na asilimia 77 ya hundi kubwa inaizidi asilimia 77 ya hundi ndogo.

Msiba ukitokea

Piga simu mwenyewe, kwani fao la mjane haliombwi mtandaoni. Linaanzia miaka 60, kwa asilimia 71.5, na linakamilika ukifika umri kamili. Hapa ile kanuni ya “ukiomba moja umeomba zote” haipo. Mjane anaweza kuanza na fao la marehemu akiwa na 60 huku pensheni yake ikikua hadi 70, au akaanza na yake na 62 kisha ahamie ya marehemu na 67. Mwambie ofisa kwa maneno haya haya: naomba la mjane tu, pensheni yangu bado. Mwombe aliandike kwenye sehemu ya maelezo ya fomu, akusomee, ndipo utie saini. Ukiolewa tena baada ya miaka 60, halipotei. Kuna pia malipo ya mara moja ya dola 255, ambayo hayafiki popote kwa familia inayotaka kusafirisha mwili, lakini ni yenu, na muda wa kuyaomba ni miaka 2.